Devota kwa Herufi Ndogo

Jarida la mimea la Ulaya lilimrudisha Devota kwa mara ya pili, na safari hii kosa lake lilikuwa kuitwa mzuri.

Asheri aliisoma barua pepe hiyo dukani kwa Qusai, mwenye steshenari mjini Tanga. Wahariri walimweleza kwa adabu kwamba Kiingereza cha sayansi hakisifu. Ua halisemwi kuwa zuri. Husemwa lina petali tano, rangi ya zambarau, basi. Wala mwandishi hasimulii nani alikuwa amemshika mkono siku alipoliona.

Hapo ndipo palipomchoma. Aliyemshika mkono alikuwa bintiye. Devota ndiye aliyeliona ua lile kwanza, kwenye jabali lenye majimaji msituni Amani, baba na mama wameketi pembeni wanakula mihogo. Mwaka haukuisha, malaria ikampanda kichwani, ikaondoka naye. Asheri, ambaye kazi yake ni utafiti wa mimea, alipekua vitabu na makabati ya mimea iliyokaushwa, akakuta ua lile halina jina. Akaamua litaitwa kwa jina la mwanawe.

Nyumbani Pongwe, mkewe Praxeda hakuwa na lingine la kungojea. Tangu msiba ule majirani walikuwa wameacha kumwita Mama Devota. Walidhani wanamhurumia. Walimwita Praxeda, kama mtu ambaye hajapata kuzaa.

"Kwenye jiwe la kaburi jina lipo," alimwambia mumewe. "Mimi nataka jina linaloota."

Basi Asheri akafuta. Akatoa uzuri, akatoa mkono wa mtoto, akatoa kila palipoandikwa "mimi". Qusai, aliyekuwa akimpigia chapa, alimtania kidogo.

"Kitendawili, Bwana Asheri."

"Tega."

"Mzazi gani huyo, kaandika habari za mwanawe kurasa kumi, na mwanawe hayumo?"

Asheri alianza kucheka, kisha akazikusanya karatasi zake.

Jioni alimwonyesha Praxeda zile karatasi. Praxeda hakujua Kiingereza, ila jina alilijua, hata lilipotiwa kijimkia cha Kilatini. Akaliwekea kidole. Akataka kujua mwanawe kakosa nini hata aandikwe kwa herufi ndogo, tena herufi zenyewe zimeinama. Asheri akamweleza kuwa ndiyo kanuni: jina la jamii ya mmea hupewa herufi kubwa, la pili hupewa ndogo, na yote mawili hulazwa.

"Kumbe hata huko wamemlaza," alisema Praxeda, akamrudishia karatasi zake.

Barua ya tatu ilikuwa fupi. Pale Asheri alipoandika kwamba ua haliko kwingine duniani, aandike kwamba halijaonekana kwingine, maana sayansi haiapi. Na yale maneno "karibu na kijito tulipopumzika" hayafai. Mahali pawekwe wazi kwa vipimo vya ramani, mtu yeyote aweze kufika.

Qusai alikuna ndevu. Alimwambia afikiri vizuri, maana wapo watu ng'ambo wanaonunua maua adimu kama wengine wanavyonunua dhahabu. Akiandika vile vipimo atakuwa amewachorea njia hadi jabalini, waje na vikapu. Heri awaombe wapafiche.

Asheri aliandika ombi hilo palepale, kisha akarudi nyumbani akamhadithia mkewe yote: vipimo, vikapu, na jibu ambalo huenda lisije. Praxeda hakulia. Aliuliza tu kama ua lile hupenda jua au kivuli. Kivuli, alijibu mumewe, na maji yasiyokoma.

Siku zikapita, jibu kimya. Praxeda aliaga kwenda kumwuguza dada yake Jenifa, akarudi amechoka, haongei sana. Asheri naye, kwa kuwa barua ya tatu ilitaka pia picha mpya, akapanda Amani.

Jabali lilikuwa tupu.

Maji yalitiririka kama siku zote. Pale mizizi ilipokuwa imeshika palibaki madoa meupe. Alitafuta juu ya kijito, akatafuta chini, akapapasa kila ufa mpaka viatu vikajaa maji na kucha zikamvunjika. Hakupata hata jani.

Nani mwingine aliyezisoma zile karatasi zenye habari za jabali? Wahariri, ambao wako mbali, na aliyepiga chapa. Asheri alishuka moja kwa moja hadi mjini, akasimama mlangoni kwa Qusai mbele ya wateja, akamwambia kwamba ameuza mtoto wa mwenzake.

Qusai aliacha kuchapa. Kisha akamgeuzia kioo cha kompyuta. Jibu la wahariri lilikuwa limeingia asubuhi ile: kwa mmea adimu kama huu, mahali hufichwa. Ataje wilaya tu, inatosha. Walimpa na pole kwa usumbufu.

"Mimi ndiye niliyekwambia upafiche," Qusai alisema taratibu. "Mwizi gani huyo anayekukumbusha kufunga mlango?"

Asheri akapanda daladala. Alifika Pongwe jua la saa nane likichoma mchanga. Nyumba ilikuwa imefungwa. Jirani yao Beatrisi, aliyekuwa akianua nguo, alimwonyesha kwa kidevu upande wa makaburi ya Walutheri, akasema mama huyo siku hizi kila mchana yuko kule na ndoo yake.

Alimkuta mkewe amepiga magoti, anamwagia maji kaburi la Devota. Majani madogo ya lile ua yalikuwa yamepangwa mstari kutoka kichwani hadi miguuni, mashina yote na mizizi yake, yamekauka kama karatasi.

"Waache waandike wanapotaka, Baba Devota," alisema bila kugeuka. "Hapa nani atathubutu kuja kumchimbua?"