Pumzi ya Shomari

Kipima-kaboni cha jikoni hakina simile: ukikiwekea tunda au mboga, kinataja pumzi iliyoulisha mmea ni ya nani. Papai la mwisho la Mwajabu lilitaja jina la marehemu mumewe, Shomari, nalo lilishaanza kuoza.

"Ulile, wifi," alisema Tunu, dada wa marehemu. "Kaka yangu hata akiwa papai anataka kubembelezwa!"

"Nikimla, nitabaki na nini?"

"Usipomla wewe, watamla nzi."

Mwajabu alicheka huku akilia, akalila lote, kisha akashusha pumzi ndefu dirishani.

Mwezi uliofuata jirani yao, mjane mrembo, akapiga hodi na fungu la mchicha.

"Shoga, kipima kinasema Shomari yuko kwangu."

Mwajabu alimkata jicho, halafu akasogeza kiti.

"Karibu. Tumpike."