Nywila Tupu

Zawena alikuwa akijaribu programu inayogeuza nywila za askari magereza kuwa funguo za milango. Aliandika nywila ya mkuu wa gereza, ikakubaliwa. Kisha akaacha nafasi wazi na kubonyeza. Programu haikumkataa. Ilimpa ufunguo wa aliyetangulia, yaani wa mkuu.

"Bosi, hebu njoo uone."

Kitwana alicheka. "Sasa dada yangu, nani atabonyeza bila kuandika kitu?"

"Mfungwa. Ana siku nzima ya kujaribu."

Kicheko kilikatika. Asubuhi ile Kitwana alikuwa ameipeleka programu gerezani bila kusubiri majaribio. Akapiga simu huko. Ikapokelewa, lakini hakuna aliyesema. Kwa mbali ilisikika milango ikifunguka, mmoja baada ya mwingine.