Safu Tisa Hadi Mlangoni

Baba mdogo alikuwa bado kwenye ukurasa wa kwanza wa wasifu wa marehemu shangazi pale waya za umeme zilipolipuka na moshi mweusi ukatanda ukumbini.

Shangazi alihudumia abiria angani miaka thelathini na moja. Popote alipoingia, hata harusini, alituhesabisha safu za viti hadi mlangoni. "Kwenye moshi, jicho lako ni mkono," alisema. Tulimcheka mpaka mbavu zikauma.

Sasa sikuviona hata vidole vyangu. Nikapapasa kiti.

Hakuna aliyepiga kelele. Nilisikia tu sauti za ndugu zangu kila upande: "Tatu. Nne. Tano."

Nje, bibi alituhesabu. Tulitimia wote. Baba mdogo akakunja karatasi zake.

"Wasifu umeshasomwa," alisema.