Mkongojo Mpya

Nilimkuta mama sakafuni, amekunja miguu katikati ya kitambaa cha sare za shule, mkasi mkononi. Mama ni fundi cherehani, na tangu nimjue hajawahi kukata nguo mezani. "Meza ni ya wazee," husema.

Nikaketi karibu naye, nikauweka kando mkongojo niliomnunulia. Nilikuwa nimejipanga kumwambia kwamba miaka themanini si mchezo, kwamba ipo siku ataanguka, kwamba sisi wanawe hatupati usingizi.

"Mzuri," alisema bila kuinua macho. "Wa nani?"

"Wako, mama."

Alimaliza kukata, akakusanya vipande vyote kifuani hadi mikono ikajaa. Kisha akavuta nyayo karibu, akainama mbele kidogo, akasimama. Hakushika ukuta wala sakafu. Nilichoona ni vidole vya miguu yake tu, vimetanuka, vimeng'ang'ania saruji, na magoti yakinyooka polepole bila kulia.

"Haya, twende tukanywe chai."

Nikataka kuinuka. Mguu mmoja ulikuwa umekufa ganzi, wa pili ukagoma. Nikajisukuma kwa mkono, kiuno kikanirudisha chini kama mzigo. Mama alikuwa mlangoni na vitambaa vyake, akinisubiri kwa subira, kama mtu anayemtazama mtoto akijifunza kutembea.

"Usione haya, mwanangu," alisema. "Mkongojo si huo hapo?"