Bangili ya Mwanakombo

Naapa kwa meno yangu matatu yaliyosalia, haya ni kweli tupu. Siku hizi saratani ya damu hutibiwa kwa kicheko. Seli mama za ugonjwa hujificha usingizini ndani ya mifupa, na dawa haiui seli iliyolala. Mgonjwa akicheka kwa dhati zinaamka, bangili aliyovishwa hospitalini inawaka kijani, na hapo ndipo dawa inazimaliza.

Basi kila asubuhi mke wangu Mwanakombo akishameza dawa, mimi humtungia uongo. Leo nilimsimulia jogoo wa jirani aliyegoma kuwika mpaka alipwe pensheni. Akacheka, mkono umo ndani ya khanga.

"Imewaka!" nikapiga makofi. "Kijani kama mchicha, mwanga wapenya khanga!"

Akautoa mkono. Ulikuwa mtupu.

"Nimeivua tangu jana, muongo mkubwa wee. Haijawaka siku nyingi, nawe wajua."

Nyumbani kwetu anayenaswa na uongo hulipa kwa kunyamaza, mwenzake azungumze. Nikalipa. Akazigawa khanga zake: hii nimpe dada yake, ile nimpe binti yetu, na ya harusi nibaki nayo mwenyewe. Uji ukapoa.