Tangi la Pijo

Naapa kwa kaburi la mama, haya ni kweli tupu.

Nilikuwa naiondolea Pijo yangu, gari kuukuu, kabureta ili niiwekee injekta ya kunyunyizia petroli. Injekta hutaka pampu kali ndani ya tangi, na bomba la kurudisha mafuta. Matundu mawili tu ya kutoboa na kuchomelea.

Nyanchoka, fundi wa kuchomelea pale Birongo, alishika kiberiti tayari kuwasha gesi.

"Tata," aliniita kwa heshima, kama baba, "tangi umeliosha?"

"Mara tatu, kwa sabuni."

Akainama, akatia pua kwenye mdomo wa tangi. Alikaa hapo muda mrefu. Baba yake alikufa kwa mlipuko akichomelea tangi ambalo mwenye gari aliapa limeoshwa.

Akarudisha kiberiti mfukoni.

"Mto uko pale chini, tata. Mara tatu."

Nikachukua mtungi, nikateremka.