Betri ya Kufika Sokoni

Kwa mara ya tatu baiskeli ya umeme ilimzimikia Tunu katikati ya mlima. Ng'ambo ya mlima ule aliishi mama yake, ambaye hakuwa amemwona tangu aolewe. Akaikokota kurudi mjini, mpaka kwa Fundi Simai.

"Mota mbovu," alisema, akihema.

Simai akaipima. "Mota haina neno, dada. Ikipanda inataka umeme mwingi kwa mpigo, na betri hii haiwezi kuutoa. Ikizidiwa, inajizima."

"Basi mume wangu aliuziwa vibaya. Si alinunua hapa kwako?"

Simai alijifuta mikono, ingawa ilikuwa mikavu. "Nilimwambia Makame kwamba betri na mota hazilingani. Akasema anataka ya kumfikisha mkewe sokoni na kumrudisha. Ya kupanda mlima hakuitaka."

Tunu aliona uso ukimwaka. Siku aliyoletewa baiskeli alimshukuru Makame mbele za watu, mpaka machozi yakamtoka.

"Inayolingana unayo?"

"Ninayo, ila ni kubwa, haiingii kwenye kisanduku. Ataiona."

"Nifungie hapo nyuma."

Alivua kanga ya mabegani, wakaifungia betri kwenye keria. Simai akaunganisha nyaya bila kumtazama usoni. Tunu alipopanda na kugusa kitufe, mota iliitika kwa nguvu ambazo hakuwahi kuzisikia, baiskeli ikataka kumponyoka.

Kwenye kibaraza cha duka la mbele, shemeji yake, nduguye Makame, aliinuka, simu sikioni, akimwambia Makame alichokiona, akaanza kushuka ngazi kuelekea barabarani.